Sheria za ufalme wa kubuni: nizitunge vipi ziaminike?

KalamuYaMto anauliza:

Wapendwa waandishi na wasomaji wenzangu,

Kwa miaka miwili sasa ninaandika riwaya inayotokea katika ufalme niliouwaza mwenyewe, Ufalme wa Vivuko, ambao miji yake imejipanga kando ya mto mmoja mpana na ambao uhai wake wote, kuanzia chumvi hadi majeshi, hupita juu ya maji. Mfalme wa tatu wa nasaba hiyo, baada ya kuiunganisha miji iliyokuwa ikipigana kwa vizazi vingi, anaamuru sheria zote zikusanywe na kuchongwa kwenye mbao tisa zitakazosimikwa gatini, mbele ya macho ya kila anayevuka. Mhusika wangu mkuu ni karani kijana anayepewa kazi ya kunakili mbao hizo, na siku moja anagundua kwamba neno moja katika ubao wa nne halifanani na neno lililomo katika nakala ya zamani. Riwaya nzima imesimama juu ya neno hilo, kwa hiyo sheria zenyewe haziwezi kuwa pambo tu la nyuma ya jukwaa.

Nimekwisha kuandika vifungu 140. Niliwapa marafiki watatu wavisome, na kila mmoja kwa wakati wake aliniambia jambo lile lile, kwamba vinasomeka kama katiba ya jamhuri ya leo iliyovikwa taji. Siku ya kwanza niliumia, lakini nilipovirudia kwa utulivu niliona kwamba wamesema kweli. Kifungu changu cha kwanza kinatamka: “Watu wote wa Ufalme wa Vivuko ni sawa mbele ya sheria.” Cha 12 kinatamka: “Kila mtu ana haki ya kuvuka mto bila kubughudhiwa.” Ni maneno mazuri, nami ninayaamini kama mtu wa zama hizi, ila hayana harufu ya tope wala ya mtumbwi, na sioni ni mfalme gani wa kale angeyachonga ubaoni.

Ninaomba msaada wa yeyote aliyewahi kusoma sheria za falme za kweli. Vifungu vya kale viliandikwa kwa umbo gani? Je, vilipangwa kwa mada kama tunavyopanga leo, au vilikaa vyovyote? Mfalme mwenyewe alisimama wapi, juu ya mbao au chini yake? Na je, msomaji anahitaji kuvijua vingapi kati ya hivyo 140 ili aamini kwamba vilivyobaki vipo?

MzeeWaNyaraka anajibu:

Ndugu KalamuYaMto, nimefanya kazi na hati za kale kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali lako limenigusa, kwa sababu wewe umeanza na kanuni ilhali wao walianza na ugomvi. Waliotunga sheria hizo hawakuketi wakajiuliza haki ni kitu gani. Waliletewa kesi, wakaikata, na kesi ya namna hiyo iliporudi mara ya pili na ya tatu wakaona heri hukumu iandikwe.

Chukua nguzo ya Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 KK, jiwe jeusi linalozidi urefu wa mita 2 ambalo Wafaransa walilifukua Shushani, mji wa kale katika Iran ya leo, kati ya mwaka 1901 na 1902, na ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Louvre. Karibu kila sheria iliyochongwa humo inaanza na neno lenye maana ya “ikiwa”. Ikiwa mtu amezembea kuimarisha tuta la mfereji wake, tuta likabomoka na maji yakafunika mashamba ya wenzake, atalipa nafaka aliyoipoteza. Ikiwa mjenzi amefanya kazi mbaya na ukuta ukapinda, atauimarisha kwa fedha yake mwenyewe. Ikiwa jaji amekata shauri, hukumu ikaandikwa na kutiwa muhuri, kisha akaigeuza, atalipa mara 12 ya kile kilichokuwa kikidaiwa, atainuliwa kitini mbele ya baraza na hatakaa tena na majaji. Mfalme anajisifu kwa haki yake katika utangulizi na katika hitimisho, kwa maneno marefu yenye fahari, lakini katikati, penye sheria zenyewe, husikii neno la kujisifu. Unaona tuta, ukuta na muhuri.

Kwa hiyo kifungu chako cha 12 kina shida moja, nayo ni kwamba hakuna mtu ndani yake. Jiulize ni nani aliyezuiwa kuvuka, siku gani, na aliyemzuia alitaka nini. Labda mvushaji mmoja aliwahi kumtoza nauli mjane aliyekuwa akimpeleka mumewe makaburini ng’ambo ya pili, watu wakakasirika hata wakavunja makasia yake, na wazee wakalazimika kuamua. Ukishaijua habari hiyo, kifungu kitajiandika chenyewe, na msomaji ataihisi habari hata kama huisimulii popote.

Jambo la pili ni uzito. Sheria za leo hujitahidi kugawa nafasi kwa mizani, lakini za kale hukaa sana pale palipowauma watu. Sheria za Wafaranki wa Sali, kabila la Kijerumani la kale, zilizoandikwa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 6 katika enzi za mfalme Clovis, zinaanza na namna ya kumwita mtu barazani, na mara tu baada ya hapo zinaingia kwenye wizi wa nguruwe, na humo zinazama: nguruwe anayenyonya ana faini yake, aliyeachishwa ana yake, mwenye mimba ana yake, dume la kundi lina yake. Mtu asiyejua lolote juu ya Wafaranki akisoma ukurasa huo mmoja tu atajua walikula nini na walilinda nini usiku. Nguruwe wa ufalme wako ni mtumbwi. Uwe na sheria ya mtumbwi ulioibwa ukiwa umefungwa, nyingine ya ulioibwa ukiwa majini, nyingine ya kasia peke yake, nyingine ya kamba iliyokatwa mtumbwi ukasombwa na maji ilhali aliyeikata hakuiba kitu. Usiogope kwamba msomaji atachoka. Kinachomchosha ni maneno makubwa yasiyogusa chochote.

Kuhusu mpangilio, wengi wa kale hawakupanga kama tunavyopanga, lakini hilo halina maana kwamba hawakuwa na njia. Mfalme Æthelberht wa Kent, katika Uingereza ya mwaka 600 hivi, aliacha sheria ambazo ndizo za kwanza kuandikwa kwa lugha ya Kiingereza. Fidia za majeraha humo zinaanzia kwenye nywele za kichwa na kushuka mwilini hadi kwenye kucha za miguu. Kidole gumba ni shilingi 20, ukucha wake ni shilingi 3, na kidole cha mwisho kabisa, kile kidogo, ni shilingi 11. Ukiutazama mpango huo utaelewa kwamba sheria hizi zilikwisha kukaririwa vinywani muda mrefu kabla ya kukutana na wino, kwa maana msemaji wa baraza hakuhitaji kitabu, alihitaji mwili wake tu kumkumbusha kinachofuata. Nawe unaweza kuzipanga mbao zako tisa kwa kuufuata mto, kutoka chemchemi hadi mlangoni mwa bahari, kila mji na magomvi yake.

Kifungu chako cha kwanza sitakificha: kiondoe. Katika nguzo ya Hammurabi, mwungwana akimtoboa jicho mwungwana mwenzake, naye hutobolewa. Akimtoboa mtu wa daraja la chini hulipa mina moja (kipimo cha uzito) ya fedha. Akimtoboa mtumwa wa mtu hulipa nusu ya thamani ya mtumwa huyo, na malipo hayo hayaendi kwa mtumwa. Inaumiza kuisoma, na ndivyo inavyopasa. Kama ufalme wako una madaraja ya watu, mbao zitayaonyesha bila aibu, na karani wako, ambaye nadhani hakuzaliwa juu, atachonga kwa mkono wake mwenyewe bei ya jicho lake.

Mwisho, zingatia namba. Zile sheria 282 za Hammurabi hazikuhesabiwa na Hammurabi, bali na Vincent Scheil, mtaalamu aliyezitafsiri na kuzichapisha mwaka 1902. Juu ya jiwe hakuna namba yoyote. Basi hata karani wako asiseme “kifungu cha 47”. Atasema “ile ya kamba iliyokatwa”, au “ile iliyo chini ya fundo la ubao wa nne”. Na jambo hili litakusaidia katika habari yako, kwa sababu sheria isiyo na namba ni rahisi zaidi kuongezwa, kufutwa na kuhamishwa. Hammurabi aliliogopa hilo, ndiyo maana alimaliza jiwe lake kwa laana ndefu juu ya yeyote atakayegeuza maneno yake. Laana hazikuzuia kitu. Waelami, wenyeji wa Shushani, waliolichukua jiwe kama nyara walikwangua safu kadhaa za maandishi upande wa mbele, na inadhaniwa kwamba mfalme wao alikusudia kuweka jina lake hapo. Hakuliweka. Mahali hapo pamebaki patupu hadi leo.

WakiliMsomaji anajibu:

Shikamoo, MzeeWaNyaraka. Ninakubaliana na mengi uliyoyasema, na mahali pamoja nitaomba kutofautiana nawe.

Ndugu KalamuYaMto, kabla ya kuuliza sheria zimeandikwaje, uliza ni nani aliyetaka ziandikwe na ni nani aliyepata hasara zilipoandikwa. Roma ya karne ya 5 KK ilikuwa na sheria tele, ila zilikuwa vichwani mwa makuhani na watu wa koo kubwa, na mtu wa kawaida aliyeburutwa mbele ya hakimu hakuwa na namna ya kujua kama alichosomewa ni sheria au ni matakwa ya mtu. Watu wa chini walishindana nao kwa miaka hadi likateuliwa jopo la watu 10, na mwaka 451 hadi 450 KK zikatoka zile Mbao Kumi na Mbili zilizowekwa hadharani. Mbao zako tisa gatini zinanikumbusha hizo, nami nadhani ufalme wako unahitaji mgogoro wa namna ile ile. Katika kila mji wa mto lazima palikuwa na wazee waliokuwa wakiijua sheria kwa moyo na kulipwa kwa kuitamka. Siku mbao zinaposimikwa, wazee hao wanapoteza mkate wao. Ukitafuta ni nani mwenye sababu ya kubadilisha neno moja, anza na wao, kisha wapandie juu hadi kwa waliokuwa wakiwalipa.

Ninapotofautiana na Mzee ni juu ya mpangilio. Ufalme wa mji mmoja unaweza kuacha sheria zikae zilivyozaliwa, lakini wako umeunganisha miji kadhaa, na miji hiyo haikuwa na sheria moja. Mmoja ulimpa mjane nusu ya mitumbwi ya marehemu, mwingine ulimrudisha kwa kaka zake mikono mitupu. Watu wa mfalme walilazimika kuchagua, na hapo ndipo penye kazi halisi ya kukusanya sheria. Mfalme mkuu Justinian alipoamuru maandiko ya wanasheria wa Roma yakusanywe, jopo la mwanasheria wake Tribonian lilisoma maandiko ya karne nyingi, likachambua, likakata, likarekebisha, na mwaka 533 likatoa mkusanyo wa vitabu 50. Kisha Justinian akapiga marufuku kuandika maelezo juu yake, na akataka penye shaka aulizwe yeye. Alijua kwamba sheria huvuja pale inapofafanuliwa. Mshono wa kuunganisha miji uonekane katika mbao zako: weka vifungu viwili vinavyovutana, kimoja ubao wa pili na kingine ubao wa saba, na uwaache watu wa ufalme wagombane juu yake kwa kizazi kizima.

Vilevile si lazima kila kitu kitoke ndani. Kwa karne nyingi Ethiopia ilitumia Fetha Nagast, yaani Sheria ya Wafalme, ambayo asili yake ni mkusanyo wa Kiarabu ulioandaliwa na Mkristo wa Kikopti wa Misri katika karne ya 13, ukatafsiriwa baadaye kwa Kige’ez, lugha ya kale ya Ethiopia. Una sura 51, za kwanza 22 zikihusu mambo ya kanisa na zilizobaki mambo ya dunia. Ufalme wenye fahari unaweza kabisa kuishi chini ya kitabu kilichoandikwa na watu wengine kwa ajili ya watu wengine, na humo mnakuwa na maneno ambayo hata majaji hawana hakika na maana yake. Kwa karani mnakili hilo ni shamba lenye rutuba.

Amua pia nini kinatokea mbao zinaponyamaza. Sheria ya Prussia ya mwaka 1794 ilijaribu kutabiri kila jambo ikafikisha vifungu zaidi ya 19,000, na bado maisha yakaipita. Miaka 10 baadaye Ufaransa ikatoa kanuni ya kiraia ya Napoleon, vifungu 2,281 tu, na cha nne kinaonya kwamba jaji atakayekataa kuhukumu kwa kisingizio kwamba sheria iko kimya anaweza kushitakiwa. Wewe una 140. Asubuhi moja atakuja mtu na shauri lisilomo, na hapo ndipo ufalme unajionyesha ulivyo: je, anakwenda kwa mfalme, kwa wazee, kwa kiapo, au kwa mto wenyewe? Nimesema mto kwa makusudi. Sheria ya pili ya Hammurabi inahusu mtu aliyetuhumiwa uchawi bila uthibitisho. Anakwenda mtoni na kujitosa. Mto ukimshinda, mshitaki anachukua nyumba yake; mto ukimtakasa akatoka salama, mshitaki anauawa na nyumba yake inakwenda kwa aliyeshitakiwa. Ufalme wa Vivuko usipokuwa na sheria inayofanana na hiyo, nitashangaa sana, na nitashangaa zaidi kama wavushaji, ambao wote wanajua kuogelea, hawajaitumia vibaya.

Na kuhusu kubadilisha sheria: falme nyingi ziliiogopa kazi hiyo kuliko uhalifu. Demosthenes, msemaji maarufu wa Athene, anasimulia kwamba huko Lokri, mji wa Wagiriki, mtu aliyetaka kupendekeza sheria mpya alisimama na kitanzi shingoni, na pendekezo lake likikataliwa kitanzi kilikazwa. Solon wa Athene, alipomaliza kuwaandikia wenzake sheria, aliondoka nchini kwa miaka 10 ili wasimlazimishe kuzitangua. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka sheria ya Wamedi na Waajemi isiyoweza kubatilishwa, ambayo ilimfunga hata Mfalme Dario alipotaka kumwokoa Danieli. Hilo ndilo jibu la swali lako la mfalme kukaa juu au chini ya mbao. Anaweza kuwa juu yake siku anapoamuru zichongwe na chini yake siku inayofuata, na ufalme ukamtazama anavyohangaika.

Mwisho kabisa, acha nafasi tupu. Ufalme wa Merina, kule Madagaska, ulitoa mkusanyo wa vifungu 101 mwaka 1868, na kufikia mwaka 1881 mkusanyo mpya ukawa na vifungu 305, vikiwamo vya kukataza kuchoma misitu. Ni miaka 13 tu. Mbao zako tisa zitajaa. Amua leo ubao wa kumi utasimikwa wapi, na ni nani atakayesema kwamba hauhitajiki.

MsimuliziWaJioni anajibu:

Nimewasoma wote wawili kwa faida kubwa, nami nina neno fupi kama mwandishi mwenzako. Vifungu 140 viandike, lakini vikae mezani kwako. Katika riwaya weka dazeni moja hivi, kila kimoja mahali ambapo mtu anaumizwa nacho au anaokolewa nacho, na vingine vitajwe kwa majina tu, jinsi Mzee alivyosema, “ile ya kamba”, “ile ya mjane”. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kitabu kizima cha sheria mwishoni mwa hadithi yangu kama kiambatisho, na wasomaji wote walioniandikia waliniuliza juu ya kifungu kimoja tu, kile ambacho mhusika alikitamka akilia.

Ongeza pia mtu anayeijua sheria bila kusoma. Huko Iceland, tangu baraza lao kuu lilipoanzishwa mwaka 930, palikuwa na msema sheria aliyechaguliwa kwa kipindi cha miaka mitatu, na kazi yake ilikuwa kutamka theluthi moja ya sheria kila mwaka mbele ya watu waliokusanyika, ili miaka mitatu ikiisha iwe imetamkwa yote. Kuandika kulianza majira ya baridi ya mwaka 1117 kuelekea 1118. Fikiria mzee wa mwisho wa namna hiyo katika ufalme wako, kipofu pengine, anayeketi gatini kila siku. Karani wako ana mbao mpya na ana nakala ya zamani, na hazifanani. Mzee yule ndiye shahidi wa tatu, na hajaandikwa popote.

KalamuYaMto anarudi:

Nimekosa maneno ya kuwashukuru. Usiku wa jana nilifuta kifungu cha kwanza, nikakaa na cha 12 hadi taa ilipopungua mafuta, na ninawaletea kilichotoka.

“Mvushaji akimtoza nauli mjane siku anayovusha maiti ya mumewe, arudishe nauli mara tatu, na mtumbwi wake ulale ufukoni siku saba.”

“Mtu akikata kamba ya mtumbwi wa mwenzake kwa hasira, mtumbwi ukapotea, alipe mtumbwi. Ukikutwa umekwama kwenye mianzi chini ya mto, alipe kamba na siku za kazi. Akikata kamba gizani, huyo ni mwizi.”

“Mwenye mitumbwi kumi akidai deni kwa asiye na mtumbwi, alete mashahidi wawili na kiapo.”

Hicho cha tatu ndicho cha ubao wa nne. Katika nakala ya zamani ni “mashahidi wawili na kiapo”. Kwenye ubao ulioko gatini imechongwa “mashahidi wawili au kiapo”. Sikuwa nimelifikiria neno lenyewe hadi WakiliMsomaji aliponiuliza ni nani aliyepata hasara. Kwa “na”, tajiri anahitaji watu wawili walioona. Kwa “au”, anahitaji mdomo wake tu, na watu wasio na mitumbwi wanaanza kupoteza nyumba kwa madeni ambayo hawakuwahi kukopa. Mzee kipofu nimemchukua, kwa ruhusa ya MsimuliziWaJioni. Atamwambia karani kwamba sheria hiyo ilikuwa ikitamkwa kwa pumzi moja, bila kituo kati ya mashahidi na kiapo, na kwamba “au” inamlazimisha mtamkaji apumue mahali pasipo na pumzi.

Nina swali moja tu lililobaki. Je, neno fupi kama hilo linaweza kweli kubadilishwa juu ya ubao uliokwisha kuchongwa bila watu kuona, ilhali mamia hupita hapo kila siku?

WakiliMsomaji anajibu:

Cha mjane ni kizuri, ila nakuomba useme siku saba zinahesabiwa tangu lini, tangu kosa au tangu hukumu. Mvushaji mjanja atachelewesha baraza hadi mafuriko, wakati ambapo mitumbwi yote hulala ufukoni hata hivyo, na adhabu itapita bila kumgusa. Ukiongeza maneno “siku saba za maji ya kuvukika”, msomaji atajua kwamba kuna mtu aliwahi kuujaribu ujanja huo.

MzeeWaNyaraka anajibu:

Linaweza, na mamia wanaopita si ulinzi, kwa sababu kitu kilicho mbele ya macho kila siku hakisomwi na mtu. Wengi wa wavukao hawajui kusoma, na wanaojua walisoma mara moja mbao zilipokuwa mpya. Aliyebadilisha alihitaji usiku mmoja na patasi nyembamba.

Ila kumbuka kwamba ubao si karatasi. Kwenye ngozi na kwenye ubao, neno huondolewa kwa kukwangua, na palipokwanguliwa uso hushuka kidogo kuliko sehemu za pembeni yake. Ukipaka rangi au mafuta, jicho litadanganyika. Mkono haudanganyiki kwa urahisi hivyo. Wakati nikifanya kazi na hati za ngozi, mara nyingi niliinamisha ukurasa upande wa dirisha ili mwanga uje kwa ubavu, na bonde dogo la neno lililofutwa likajitokeza kama kivuli. Karani wako hana ruhusa ya kuung’oa ubao wala kuuinamisha. Basi afike gatini alfajiri kabla ya mvushaji wa kwanza, umande ukiwa bado umelala juu ya mbao zote tisa, apitishe ncha ya kidole juu ya mstari ule wa ubao wa nne, polepole, kutoka neno “wawili” hadi neno “kiapo”, na katikati yake kidole kizame.